Ekari 8 karibu na Corsicana, Texas: nataka kuweka kambi ndogo ya RV, nianzie wapi?

Mwenye_Ekari8 anauliza:

Habari za jioni ndugu wanajukwaa, hasa mnaoishi Texas na majimbo jirani.

Mimi na mke wangu tumenunua ekari 8 katika Kaunti ya Navarro, nje ya mipaka ya mji wa Corsicana, kando ya barabara ya lami inayotunzwa na jimbo na si mbali na barabara kuu ya I-45 inayounganisha Dallas na Houston. Mwenye ardhi wa awali alikuwa akimkodisha mfugaji aliyekata nyasi kavu humo, na kwa sababu hiyo kodi yake ya ardhi imekuwa ndogo sana. Upande wa barabara ardhi imeinuka, kisha inateremka polepole hadi kwenye kijito chenye miti mikubwa ya pekani.

Nia yetu ni kujenga kambi ndogo ya binafsi yenye nafasi 10 za RV, yaani yale magari na matrela yenye kitanda, jiko na choo ndani, ambayo wenyeji wengi husafiri nayo na wengine huishi humo kabisa. Nafasi mbili tatu tungeziacha kwa ajili ya ndugu na marafiki wanaokuja kwa harusi, mikutano ya kanisa na sikukuu, na zilizobaki tungezikodisha kwa mwezi kwa mafundi wa ujenzi na wauguzi wa mikataba ya muda, ambao kazi zao huwahamisha mara kwa mara. Hatutaki bwawa la kuogelea, duka wala ukumbi. Tunataka mahali safi na patulivu, penye maji, umeme na bomba la maji taka kwenye kila nafasi.

Jirani ametuambia kwamba Texas, ukishakuwa nje ya mji, hakuna anayekuuliza unajenga nini, na kwamba mwenye ardhi kubwa kama yetu hahitaji hata kibali cha choo. Mwenye tingatinga yuko tayari kuanza kufyeka na kumwaga kokoto mwezi ujao. Mchoro niliouchora mwenyewe unaweka nafasi sita kando ya kijito, kwa kuwa ndiko kwenye kivuli, na nne juu karibu na barabara.

Naomba kuuliza: nianze na kipi kati ya barabara, maji, umeme na choo? Je, ni kweli kwamba hakuna vibali? Na je, nafasi 10 zitalipa gharama, au niongeze hadi 20 maadamu ardhi ipo?

Mpima_Udongo anajibu:

Kaka, hongera kwa ununuzi, lakini mwenye tingatinga mwambie asubiri kwanza. Kazi yangu ni kupima maeneo ya mifumo ya maji taka katika kaunti hizi za kusini mwa Dallas, na jambo ninalowaambia wateja wote wa namna yako ni kwamba mfumo wa maji taka ndio unaochora ramani ya kambi. Barabara na nafasi za magari hupangwa baada yake, kwenye ardhi itakayobaki.

Alichosema jirani kina asili yake. Sheria ya Texas inaisamehe kibali cha mfumo wa maji taka nyumba ya familia moja iliyojengwa kwenye kiwanja cha ekari 10 au zaidi, kwa masharti fulani. Watu wamelisikia hilo nusunusu, wakaligeuza kuwa msamaha wa kila mwenye shamba. Wewe una ekari 8, na hata ungekuwa na 80, kambi ya kukodisha si nyumba ya familia moja. Kwa hiyo utahitaji kibali chini ya kanuni za tume ya mazingira ya jimbo, TCEQ, na kwa kawaida kibali hicho hutolewa na ofisi ya kaunti iliyokabidhiwa kazi hiyo. Mifumo inayopokea hadi galoni 5,000 kwa siku hushughulikiwa kwa njia hii. Ukizidi hapo unaingia katika kibali cha aina nyingine kabisa, kirefu na cha gharama kubwa. Msanifu akikukadiria galoni 50 kwa nafasi kwa siku, basi nafasi 10 ni galoni 500 na nafasi 20 ni galoni 1,000. Hutafika kwenye ule mpaka.

Tatizo lako ni udongo wenyewe. Sehemu kubwa ya Navarro iko kwenye ukanda wa udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ni ndugu wa ule unaoitwa mbuga huko Shinyanga na ule unaowasumbua wajenzi wa Kitengela na Athi River. Mvua ikinyesha huvimba na kufunga kabisa, jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Udongo wa aina hiyo hauwezi kunyonya maji machafu kwa mfumo wa kawaida wa tangi na mitaro ya mabomba yenye matundu, na kanuni za jimbo zinaliweka tabaka hilo la mfinyanzi katika daraja lisilofaa kwa mfumo huo. Kinachotumika huku ni mtambo unaopuliza hewa ndani ya tangi ili bakteria wale uchafu, kisha maji yaliyosafishwa hutiwa klorini na kurushwa juu ya nyasi kwa vinyunyizio, kwa kawaida usiku wa manane. Eneo hilo la nyasi halipitwi na magari, halijengwi kitu juu yake, na lazima likae umbali uliowekwa kisheria kutoka mpakani, kwenye visima na kwenye vijito. Mwenye tingatinga akimwaga kokoto mahali ambapo nyasi hizo zingekaa, utakuwa umelipa ili kuharibu kipande bora cha ardhi yako.

Sasa nifike mahali ambapo wengi huumia, hata wale waliopata vibali vyote. Maji taka ya RV hayafanani na ya nyumbani. Nyumbani choo kinachanganyika na maji ya kuoga, ya kufulia na ya kuoshea vyombo, kwa hiyo uchafu unafika kwenye tangi ukiwa umepunguzwa nguvu. Choo cha RV kinatumia maji kidogo sana, na mtu aliyefika leo kutoka safarini anamimina uchafu mzito wa siku kadhaa. Juu ya hapo, wengi wao wametia dawa za kuondoa harufu, na baadhi ya dawa hizo zina fomaldehaidi au kemikali nyingine zinazoua vijidudu, yaani zinawaua walewale bakteria unaowategemea kwenye mtambo wako. Mitambo mingi midogo inayouzwa madukani imepimwa kwa maji taka ya nyumba za kuishi. Ukimwachia muuzaji akuwekee mitatu ya namna hiyo mfululizo na kukuambia mambo yamekwisha, ndani ya muda mfupi utaanza kusikia harufu.

Halafu kuna suala la saa. Wageni wa mwishoni mwa wiki huondoka Jumapili kabla ya adhuhuri, na kila mmoja hufungua valvu ya tangi lake kabla ya kung'oa nanga. Tangi la choo la RV huwa na galoni 30 hadi 50. Chukua 40, zidisha kwa magari 10, na unapata galoni 400 za uchafu mzito zinazoingia katika mtambo wako ndani ya saa moja au mbili, ilhali ulisanifiwa kupokea galoni 500 kwa siku nzima. Dawa yake ni kuweka tangi la kwanza kubwa linalopokea wimbi hilo, na pampu yenye saa inayopeleka maji kwenye mtambo kidogo kidogo usiku na mchana. Mwulize msanifu wako swali hilo kwa maneno hayohayo. Asipokuwa na jibu la haraka, tafuta mwingine.

Kwa hiyo mwite kwanza mpima aliyesajiliwa au mhandisi achimbe mashimo, angalau mawili, kwenye ncha mbili za eneo linalokusudiwa, asome matabaka ya udongo. Kwa kuwa hii si nyumba ya kuishi, usanifu wenyewe ufanywe na mhandisi au mtaalamu wa afya ya mazingira mwenye leseni. Gharama ya hatua hiyo ni ndogo ukilinganisha na siku chache za tingatinga.

FundiStima_Garland anajibu:

Mpima amesema kweli tupu kuhusu maji taka, nami nitabaki kwenye umeme.

Ndugu yangu, sisi tuliokulia kwenye volti 240 tunapaswa kuwa waangalifu na soketi za RV. Kwenye kila nafasi utaweka kisanduku cha umeme chenye soketi ya ampea 50, ya ampea 30 na ya ampea 20. Ile ya ampea 50 ina nyaya nne na inatoa volti 120 na 240 pamoja, lakini ile ya ampea 30 ina matundu matatu na ni ya volti 120 tu. Kwa sura inafanana na soketi za zamani za mashine ya kukaushia nguo, na fundi aliyezoea nyumba, asiyewahi kufunga kambi, huipelekea volti 240 bila kufikiri. Mgeni akichomeka, kiyoyozi, jokofu na chaja ya betri vinaungua papo hapo, na bili ni yako. Kabla hujamlipa fundi, simama naye kwenye kila kisanduku, mwenye mita mkononi, akuonyeshe volti 120 kwenye kila soketi ya ampea 30.

Kuhusu ukubwa wa umeme wa kuomba, kanuni ya taifa ya umeme, NEC, ina ibara nzima ya RV, nambari 551. Nafasi yenye soketi ya ampea 50 huhesabiwa kuwa volti-ampea 12,000. Nafasi 10 ni 120,000, lakini kwa kuwa si wote wanaotumia umeme wote kwa wakati mmoja, kanuni inaruhusu kwa kambi ya nafasi 10 hadi 12 uhesabu asilimia 50 tu. Unabaki na 60,000, ambayo ukiigawa kwa volti 240 unapata ampea 250. Ongeza pampu na vipuliza hewa vya ule mtambo wa maji taka, taa na chumba cha kufulia kama mtakuwa nacho, na utaona kwamba umeme wa ampea 200 wa nyumba ya kawaida hautoshi. Hiyo ni hesabu ya chini kabisa. Mchana wa Agosti huku kwetu, joto likiwa juu ya digrii 38, viyoyozi vyote huwaka pamoja, na wapangaji wa mwezi wana viyoyozi viwili kila mmoja. Ningekushauri uombe ampea 400 mara moja, na uzungumze na kampuni ya umeme mapema kuhusu mahali pa kuweka transfoma, kwa sababu foleni yao inaweza kuwa ndefu kuliko ujenzi wako wote.

Mahali pa transfoma ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani. Ukiiweka barabarani na nafasi za mwisho zikawa futi 600 mbali, volti itashuka njiani, na kiyoyozi kinachopewa volti 104 badala ya 120 huvuta ampea nyingi zaidi, huchemka, na hatimaye kompresa yake hufa. Ama iwekwe katikati ya kambi, ama ununue waya mnene zaidi.

Na kisanduku kikae upande wa kushoto wa gari likiwa limeegeshwa, kuelekea nyuma, kwa kuwa RV karibu zote zina matundu yake ya maji, umeme na choo upande wa dereva. Nimeona kambi ambayo visanduku vyote viko upande wa kulia, na wageni wanapitisha nyaya na mabomba chini ya magari yao.

Mtaka_Faida anajibu:

Naheshimu michango ya wataalamu, lakini naona mnamtisha mwenzetu. Kuna watu wengi wanaopenda kulala porini bila chochote. Weka nafasi sita za kijitoni bila choo wala umeme, toza bei ndogo, anza kupata fedha mwaka huuhuu, halafu uendelee na mambo makubwa. Mabomba utawawekea wageni wa zile nafasi za juu, karibu na barabara.

Binti_Kerrville anajibu:

Kaka Mtaka_Faida, kwa heshima, ushauri huo ungekuwa mzuri kama nafasi hizo zingekuwa juu kilimani. Mimi naishi Hill Country, yaani eneo la vilima katikati ya Texas. Alfajiri ya tarehe 4 Julai 2025 mto Guadalupe ulipanda kiasi cha futi 26 katika muda wa dakika 45 hivi, watu walikuwa wamelala, na kambi za RV zilizokuwa kingoni mwa mto ni miongoni mwa sehemu zilizosombwa. Waliofariki katika mafuriko yale walizidi 100. RV ina magurudumu, lakini mtu aliyelala, aliyeunganishwa na bomba, waya na ngazi, haondoki kwa dakika kumi gizani.

Najua Navarro si Hill Country; huko ardhi ni tambarare zaidi na maji hupanda taratibu. Hata hivyo kijito chenye miti mikubwa ya pekani ni kijito ambacho kimekuwa kikifurika kwa miaka mingi, kwa sababu pekani hupenda udongo ulioachwa na mafuriko. Ingia kwenye ramani za mafuriko za FEMA, shirika la shirikisho linaloshughulikia maafa, ambazo ni bure, andika anwani yako, na uangalie kama sehemu hiyo imetiwa alama ya ukanda A au AE, yaani eneo lenye hatari kubwa ya mafuriko. Kisha mwone msimamizi wa maeneo ya mafuriko wa kaunti kabla hujagusa udongo, kwani hata kumwaga kifusi ndani ya ukanda huo kunahitaji kibali.

Kuna kanuni moja inayokuhusu moja kwa moja, kaka Mwenye_Ekari8, kwa sababu unataka wapangaji wa mwezi. Kwa kanuni za shirikisho, RV iliyo ndani ya ukanda wa mafuriko lazima iwe imekaa hapo chini ya siku 180 mfululizo, au iwe na leseni na tayari kuingia barabarani wakati wowote, ikiwa juu ya magurudumu yake na bila kibaraza kilichojengewa. La sivyo iinuliwe na kushikizwa imara ardhini kama nyumba. Mpangaji wako wa mwaka mzima, aliyejenga baraza la mbao na kuondoa magurudumu, anakuweka wewe mwenye ardhi katika makosa.

Kando ya kijito weka meza za kulia chakula na mahali pa kuota moto. Wageni watakwenda huko jioni, kisha watarudi kulala juu.

Mama_Kambi anajibu:

Wanangu, hamjambo. Nimesoma yote kwa furaha. Nina kambi ndogo mashariki mwa Texas, kwa hiyo nitajibu lile swali la nafasi 10 au 20, na mambo ya fedha ambayo hakuna aliyeyagusa.

Mwanangu, sheria ya maji ina mstari ambao unapita katikati ya 10 na 20 zako. Chanzo cha maji chenye miunganisho 15 au zaidi, au kinachohudumia watu 25 au zaidi kwa angalau siku 60 za mwaka, huhesabiwa kuwa mfumo wa maji wa umma. Kama utachimba kisima chako na ukaweka nafasi 20, umekuwa kampuni ndogo ya maji: unapima sampuli, unaweka klorini, unatunza kumbukumbu, unakaguliwa. Hata nafasi 10 zikiwa na familia zenye watoto unaweza kugusa hiyo 25. Ndiyo maana mimi ningenunua maji kutoka kwa shirika la maji la vijijini lenye bomba barabarani kwako. Waandikie barua sasa, waulize kama bomba lao lina uwezo wa kuhudumia kambi na mita yake itakuwa ya ukubwa gani, kwa sababu wanaweza kukujibu kwamba bomba ni la inchi mbili na halitoshi, na hapo mpango wote unabadilika. Watataka pia kifaa cha kuzuia maji yasirudi nyuma kwenye bomba lao.

Kwenye kila nafasi weka bomba la kusimama lisiloganda, ambalo valvu yake iko chini ya ardhi. Februari 2021 baridi ilipotushika Texas nzima, mabomba ya kawaida yalipasuka kila mahali, na kambi zenye mabomba ya bustani yaliyo wazi ndizo zilizoumia zaidi.

Kuhusu vibali, ni kweli kwamba kaunti za Texas kwa jumla hazina mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi kama miji ilivyo nayo. Lakini kaunti nyingi zimetunga masharti ya kambi za RV kuhusu upana wa barabara, mifereji na njia ya gari la zimamoto, kwa hiyo nenda kwenye ofisi yao ukaombe nakala. Angalia kama ardhi yako imo katika eneo la nje linaloshikiliwa na mji wa Corsicana, kwani hapo mji nao una la kusema juu ya ugawaji wa viwanja. Tangu 2023 kuna sheria inayomruhusu mwenye ardhi kuomba kutolewa katika eneo hilo. Soma hati yako ya ununuzi mstari kwa mstari, maana baadhi ya wauzaji huandika humo kwamba matrela hayaruhusiwi, na hilo halifutwi na ofisi yoyote. Na kwa kuwa barabara yako ni ya jimbo, njia ya kuingilia inahitaji kibali cha TxDOT, idara ya barabara na usafiri ya jimbo. Watatazama kama trela la futi 40 linalovutwa na lori lake linaweza kukunja bila kuziba barabara. Lango liweke ndani sana, ili gari lenye trela lisimame lote nje ya lami wakati dereva anafungua.

Halafu kodi. Umesema ilikuwa ndogo kwa sababu ya nyasi kavu. Siku utakapobadilisha matumizi, kaunti itakudai tofauti ya kodi ya miaka mitatu iliyopita kwa sehemu uliyoibadilisha, na kuanzia hapo sehemu hiyo utailipia kwa thamani ya soko. Sikiliza neno "sehemu". Kama kambi itachukua ekari tatu na ekari tano zikaendelea kukatwa nyasi kweli, mwite seveya azipime ekari tatu hizo na upeleke ramani yake kwenye ofisi ya uthamini. Usiwaachie wao wakadirie, kwa kuwa watakadiria ekari zote nane.

Je, 10 zinalipa? Tuseme unatoza dola 500 kwa mwezi, na kwa wastani nane zimejaa. Hiyo ni dola 4,000. Toa maji, takataka, bima, mtu wa mtambo wa choo, kodi ya ardhi, ukarabati wa kokoto, na mwezi ambao hakuna anayekuja. Kinachobaki kinaweza kulipa mkopo wa wastani, hakiwezi kukulipa mshahara. Mtambo wa choo, transfoma na lango la barabarani hugharimu karibu sawa kwa nafasi 10 na kwa nafasi 14, kwa hiyo ningesanifu kila kitu kwa ajili ya 14, nikajenga 8 kwanza, na nikakaa chini ya ule mstari wa 15. Ishirini ni biashara nyingine, inayohitaji mtu wa kukaa hapo kila siku.

Wapangaji wa mwezi ni watu wazuri, lakini mkataba uandikwe na mwanasheria. Mtu akikaa muda mrefu na akakataa kutoka, huwezi kukata umeme wake na kumvuta kwa trekta. Utakwenda kwa Justice of the Peace, yaani hakimu wa mahakama ndogo ya kaunti, kama mwenye nyumba mwingine yeyote. Mimi huandika umri wa gari ninaokubali, idadi ya watu, mbwa, na kwamba hakuna kujenga baraza wala banda. Na dawa ya choo inayoruhusiwa huwa nampa mgeni mwenyewe bure siku anayofika, kopo zima, kwa sababu ni rahisi kuliko kufufua mtambo.

Mwenye_Ekari8 anajibu:

Shikamoo mama, na asanteni sana nyote. Mwenye tingatinga nimempigia, amekubali kungoja ingawa hakufurahi. Kwenye ramani ya FEMA nusu ya chini ya ardhi yetu, yaani pale kivulini kote, imo katika ukanda A, kwa hiyo nafasi zote sasa zinahamia juu. Hata hivyo huko juu hakuna mti hata mmoja, na sasa ninaona kwamba nyasi za vinyunyizio nazo zinataka kuwa hukohuko juu. Je, ekari tatu zitatosha vyote? Pia, umeme wa wapangaji wa mwezi niwatoze vipi?

Mpima_Udongo anajibu:

Zitatosha ukizipanga vizuri. Nafasi ya kupitia moja kwa moja bila kurudi nyuma hutaka urefu wa futi 70 hivi na upana wa futi 30, ukihesabu kuta za RV zinazosukumwa nje pande zote mbili. Nafasi 14 za kipimo hicho ni futi za mraba 29,400, na ekari moja ni futi za mraba 43,560. Barabara ya ndani, upande mmoja tu, itakula karibu kiasi hichohicho. Weka nafasi kwa mshazari, kama mifupa ya samaki, ili dereva aingie bila kukata kona kali. Ekari ya tatu iachie nyasi, mteremkoni chini ya nafasi, ili maji taka yatiririke yenyewe kwenye bomba la inchi nne hadi kwenye tangi bila pampu nyingine, lakini juu ya mstari wa ukanda A.

Chini ya kokoto usisahau kitambaa cha kutenganisha udongo na mawe. Bila kitambaa, udongo mweusi utazimeza kokoto zote katika masika mawili.

FundiStima_Garland anajibu:

Kuhusu malipo ya umeme, nunua visanduku vyenye mita ndani yake tangu mwanzo, kwa kuwa kuongeza mita baadaye ni kununua kisanduku upya. Wageni wa siku chache waweke umeme ndani ya bei. Wapangaji wa mwezi wasomee mita tarehe ileile kila mwezi, mbele yao wakitaka, na uwatoze kwa uniti bei ileile unayotozwa wewe, uandike hivyo kwenye mkataba. Mpangaji anayelipa umeme wake mwenyewe hazimi taa tu, huziba hata madirisha ya gari lake kwa karatasi za kung'aa wakati wa Agosti, na wewe unaona tofauti kwenye transfoma.

Mama_Kambi anajibu:

Marahaba, mwanangu. Kuhusu kivuli, panda mialoni ya kienyeji sasa, kabla ya barabara, upande wa magharibi wa kila nafasi, kwa maana jua la saa kumi jioni ndilo linalochemsha gari. Acha nafasi ya futi 14 kwenda juu pale magari yanapopita, kwa kuwa huo ndio urefu wa juu kabisa unaoruhusiwa barabarani Texas, na viyoyozi viko juu ya paa. Usipande juu ya bomba la choo. Na lile shirika la maji, barua umeshawaandikia?

Mwenye_Ekari8 anajibu:

Bado, mama. Naiandika usiku huu, na mpima wa udongo anakuja Alhamisi kama mvua haitanyesha.